Shule Njema Hujulikana kwa Nini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri)



Katibu aliponiandikia, alinieleza ya kuwa katika mkutano uliopita yalizuka mabishano makali juu ya fedha za Chama zilizotengwa kwa ajili ya shule ya nyumbani. Baadhi yenu mlitaka fedha hizo zijenge lango jipya na kupaka kuta rangi, ili shule ipendeze machoni pa wageni. Wengine mlisema ni heri zigawanywe ziwe msaada wa karo kwa wanachama wanaowapeleka watoto katika shule za kibinafsi huku mjini, kwa kuwa shule ya nyumbani imekwisha kuharibika. Ndipo aliposimama mzee mmoja akauliza: "Mmejuaje ya kuwa imeharibika?" Naambiwa hapakuwa na mtu aliyemjibu.

Swali lile ndilo lililonileta hapa. Mimi nimefundisha katika shule za msingi za serikali kwa miaka 34, na 11 katika hiyo nalikuwa mwalimu mkuu. Sikuja kuitetea shule ya nyumbani, wala kuishtaki. Nimekuja kueleza jinsi mtu asiye mwalimu awezavyo kuipima shule kwa macho yake, bila kudanganywa na rangi wala na uvumi.

Wazee walio hapa wanajua ya kuwa watu wetu hawakuletewa elimu katika sinia. Zamani za ukoloni Waafrika walijenga shule kwa mikono yao. Katika nchi ya Wakikuyu, shule za kujitegemea zilienea katika miaka ya 1930, hata serikali ya kikoloni ilipozifunga nyingi, na nyingine kuziweka chini ya usimamizi wake, tangu ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952. Baada ya Uhuru mwaka 1963, kote nchini watu walichanga kwa Harambee, huyu kuku, huyu bati, huyu siku zake mbili za kufyatua matofali. Katika nyakati hizo shule njema ilikuwa ni ile iliyopo. Kumwingiza mtoto mlangoni ndiko kulikokuwa ushindi.

Mwaka 1974 karo ikaondolewa katika madarasa manne ya kwanza, lakini haukupita muda mrefu ikafuata michango ya majengo, na watoto wengi wakarudi nyumbani. Januari 2003 karo ikafutwa katika madarasa yote ya shule za msingi za serikali, na serikali ikaahidi kutoa shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mwaka ule watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Mwaka wa pili wake mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akaketi darasa la kwanza karibu na Eldoret, na dunia nzima ikasikia habari zake. Ilikuwa furaha kubwa, nami niliifurahia. Lakini asubuhi moja ya mwaka 2003 nilihesabu vichwa 93 mbele yangu na madawati 22. Tangu siku hiyo swali letu likageuka. Haikutosha tena kuuliza kama mtoto yumo shuleni. Ilitupasa kuuliza anapata nini humo.

Na katika kujibu swali hilo tulitumia kipimo kimoja tu, yaani wastani wa alama katika mtihani wa darasa la nane, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Matokeo yalipotoka, shule zilipangwa kama farasi wa mashindano. Mwaka 2014 serikali ilikataza kupanga shule namna hiyo, lakini kila mzazi aliendelea kuulizana na mwenzake, "Wamepata wastani gani?"

Ndugu zangu, hapa ni lazima nikiri jambo ambalo sijapata kulisema hadharani.

Katika shule moja niliyoiongoza, ambayo sitaitaja, wazazi walinilaumu kwa wastani wetu kuwa 231. Mwaka uliofuata, kabla ya majina ya watahiniwa kuandikishwa, niliwatenga watoto tisa waliokuwa wazito wa kusoma. Watatu niliwarudisha darasa la chini. Sita niliwaita wazazi wao, nikawashauri kwa maneno matamu wawapeleke wakafanye mtihani katika shule nyingine. Wastani wetu ukapanda hata 268. Nikapewa kikombe, wazazi wakachinja fahali, nami nikala nyama ile.

Lakini hapakuwa na mwalimu hata mmoja aliyefundisha vizuri zaidi mwaka ule kuliko mwaka uliotangulia. Nilichobadilisha ni orodha ya majina, wala si mafundisho. Miaka minne baadaye nikamkuta mmoja wa wale tisa kando ya barabara akipakia miwa katika trela. Alinisalimu kwa adabu, kisha akatoa mfukoni karatasi ya mizani akaniomba nimsomee kama ilikuwa imeandikwa sawasawa. Alikuwa amekaa mikononi mwetu miaka saba. Nikamsomea. Tangu siku ile sijaweza kuutazama wastani wa shule yoyote bila kuuliza ni nani walioondolewa ili upatikane.

Basi, mkitaka kuijua shule, nitawapa mambo sita ya kutazama. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji stashahada.

La kwanza ni hesabu ya walioanza na waliofika. Mwombeni mwalimu mkuu daftari la kuandikisha watoto. Hesabuni ni wangapi waliingia Gredi ya 1 miaka mitano iliyopita, kisha hesabuni walio katika Gredi ya 6 leo. Ikiwa waliingia 80 na wamebaki 51, ulizeni wale 29 wako wapi. Pengine wamehama na wazazi wao. Pengine wanachunga ng'ombe, au wameolewa, au walisukumwa nje kama nilivyofanya mimi. Shule njema inaweza kukujibu juu ya kila jina. Na watoto wenye ulemavu msiwasahau. Ulizeni kama wamo, na kama wamo wanaketi wapi.

La pili ni kusoma. Mwaka 2009 watafiti wa Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba katika Kenya wakiwa na karatasi chache tu, zenye herufi, maneno, aya fupi, na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hawakumwomba mwalimu mkuu takwimu. Walimwendea mtoto mwenyewe kwao. Wakagundua ya kuwa watoto wengi wa darasa la tatu, na hata wengine wa madarasa ya juu, hawakuweza kuisoma hadithi ile. Habari hiyo ilitutia aibu sisi walimu, lakini ilikuwa kweli, na nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo. Chukueni kitabu cha Gredi ya 2 ambacho watoto hawajakitumia, kwa maana mtoto hodari wa kukariri aweza kukusomea ukurasa mzima akiwa amefumba macho. Mpeni mtoto wa Gredi ya 4 asome. Kisha kifungeni kitabu, mkamwulize ni nani aliyetenda nini, na kwa sababu gani. Katika mpango wa Tusome, ulioanzishwa nchi nzima mwaka 2015, mtoto alihesabiwa kuwa asoma kwa ufasaha akifikia maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika, au 65 ya Kiingereza. Msishangae Kiswahili kupewa idadi ndogo, kwa kuwa neno letu moja kama "hawatatusomea" ni sentensi nzima kwa Mwingereza. Ila angalieni jambo moja: msikubali kuletewa watoto waliochaguliwa. Shikeni daftari la mahudhurio mkaite kila jina la tano.

La tatu ni madaftari ya watoto. Daftari halijui kusema uongo. Fungueni la hesabu mtazame tarehe. Ikiwa kazi ya mwisho ni ya majuma matatu yaliyopita, mmekwisha kuelewa. Kisha tazameni wino mwekundu. Mwalimu mmoja hutia alama ya kosa akaenda zake. Mwingine huandika kando njia iliyo sawa, na katika ukurasa unaofuata utaona mtoto ameifanya tena akaipata. Huyo wa pili ndiye anayefundisha. Nimeona shule yenye sakafu ya udongo ambayo madaftari yake yalinifanya nivue kofia, na nimeona shule ya vigae ambayo madaftari yake yalikuwa meupe kama unga.

La nne ni mwalimu kuwapo darasani. Sisemi shuleni, nasema darasani. Msiende siku ya sherehe, wala asubuhi wakati wa gwaride. Nendeni siku ya Alhamisi, saa nane mchana, jua likiwa kali. Piteni polepole kando ya madirisha mkihesabu ni madarasa mangapi yana mwalimu anayefundisha, ni mangapi yana kiranja mwenye fimbo, na ni mangapi yana kelele tu. Lakini kabla ya kumlaumu mwalimu, mwulizeni mwalimu mkuu ana walimu wangapi waliotumwa na Tume, na ni wangapi wanaolipwa na wazazi. Kumlaumu mtu mmoja mwenye watoto 80 kwa kutosahihisha madaftari yote ni dhuluma. Na kwa kuwa tangu Januari 2023 madarasa ya sekondari msingi yamewekwa ndani ya ua wa shule za msingi, tazameni pia kama watoto wadogo wamenyang'anywa vyumba na walimu wao ili wakubwa wapate nafasi. Kuhusu fimbo, najua wako wazee wanaoamini bado ya kuwa shule isiyo na kiboko haina nidhamu. Nami niliitumia katika ujana wangu. Sheria iliikataza mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakaza katazo hilo. Nilivyoona mimi, aliyetegemea fimbo zaidi alikuwa ni yule ambaye hakutayarisha somo.

La tano ni vyoo, maji na milango. Mtanisamehe kutaja vyoo mbele ya wakubwa, lakini msichana wa miaka kumi na mitatu atakosa siku nyingi za masomo kila muhula ikiwa choo hakina mlango. Kipimo cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 25, na moja kwa wavulana 30. Hesabuni. Tazameni kama pana maji ya kunawa mikono. Kisha tazameni milango ya madarasa. Mwongozo wa usalama wa mwaka 2008 wataka ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma, ili moto ukitokea watoto wapate kutoka. Ghorofa na ngazi nazo zina hatari zake. Mnakumbuka msiba wa Kakamega wa Februari 2020, watoto walipokanyagana katika ngazi wakitoka darasani, wakafa zaidi ya kumi. Jengo kubwa ni fahari, lakini mtazamaji mwenye busara huuliza kwanza watoto hushukaje.

La sita ni fedha. Sheria ile ya mwaka 2013 yasema shule ya serikali isitoze karo ya mafunzo, malipo mengine yapate kibali cha Waziri, risiti itolewe, wala mtoto asifukuzwe kwa kukosa kulipa. Basi waulizeni akina mama sokoni, wala si ofisini. Ni mara ngapi muhula huu watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa? Je, walipata risiti? Na je, hesabu za shule husomwa mbele ya wazazi? Shule inayoficha hesabu zake huficha na mambo mengine.

Hayo ndiyo sita. Sasa niseme machache juu ya yale ambayo hutupumbaza.

Lango halifundishi. Basi la manjano halifundishi. Mtoto wa miaka sita anayesema Kiingereza mbele ya wageni hupendeza sana, lakini mwulizeni jambo ambalo hakufundishwa kulijibu. Katika madarasa matatu ya kwanza kanuni ya serikali huruhusu mafundisho kwa lugha ya mahali penyewe, na sababu yake ni njema: mtoto ajifunze kusoma kwa maneno anayoyajua, ndipo avuke. Shule ya kijijini ikifuata kanuni hiyo msiidharau mkidhani iko nyuma.

Wala msilinganishe vitu visivyolingana. Shule ya kibinafsi yaweza kumpima mtoto langoni na kumkataa. Shule ya serikali humpokea yatima, na aliyeamka bila chai, na yule ambaye nyumbani hakuna mtu ajuaye kushika kalamu. Kumsifu mkulima wa bondeni kwa mavuno na kumcheka wa mlimani kwenye mawe si haki, mpaka mjue kila mmoja alianza na shamba la namna gani. Ipimeni shule kwa umbali iliomchukua mtoto tangu alipoingia. Mwalimu aliyempokea mtoto asiyejua herufi, akamtoa akisoma gazeti, amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyempokea anayesoma akamtoa anayesoma. Usione vyaelea, vimeundwa.

Bwana Mwenyekiti, neno langu la mwisho linatuhusu sisi wenyewe, na huenda likawachoma wengine.

Wengi wetu tulisoma katika shule ile, au katika shule zilizofanana nayo. Tulipopata kazi mjini tuliwaondoa watoto wetu, na hilo ni haki ya kila mzazi. Lakini tulipoondoka tuliondoka na sauti zetu. Sheria inawapa wazazi viti sita vya kuchaguliwa katika halmashauri ya shule. Nimeuliza, na nimeambiwa ya kuwa uchaguzi wa mwisho ulihudhuriwa na wazazi 14, katika shule yenye watoto zaidi ya 500. Aliyebaki ni mama mwenye shamba la robo ekari, ambaye anaogopa kumwuliza mwalimu mkuu habari za risiti asije mtoto wake akachukiwa. Shule hudhoofika pale ambapo wote wawezao kuuliza wamehama, na wote waliobaki wanaogopa kuuliza. Kisha sisi tunaketi hapa mjini na kusema imeharibika. Huenda imeharibika kweli. Lakini mzee aliyeuliza "Mmejuaje?" alikuwa na haki, kwa maana hapakuwa na mtu kati yetu aliyekwenda kutazama.

Kwa hiyo naomba kura juu ya fedha zile isipigwe leo, wala kwa lango wala kwa karo. Naomba Chama kichague watu watano, na wawili miongoni mwao wawe akina mama, waende nyumbani katika muhula wa pili. Wafike kwanza kwa mwalimu mkuu kwa heshima, kama wageni na si kama polisi, wamweleze nia yao. Wakae siku mbili. Wahesabu, wasomeshe, wafungue madaftari, waulize sokoni. Waandike waliyoyaona, mema na mabaya, na taarifa hiyo isomwe hapa na kule nyumbani pia, walimu wakiwapo wapate kujibu.

Ikionekana watoto wa Gredi ya 4 hawasomi, basi fedha zetu zinunue vitabu vya hadithi, na tulipe mtu wa kuwasomesha jioni bila malipo kwa mzazi. Ikionekana choo cha wasichana hakina mlango, tutie mlango. Ikionekana njaa ndiyo inayowalaza darasani saa nane, tununue mahindi na maharagwe. Na ikionekana shule inafanya kazi nzuri kuliko tulivyodhani, itatupasa tuwaandikie walimu barua ya shukrani, jambo ambalo sidhani Chama hiki kimepata kulifanya. Hapo ndipo tutakapoweza kujadili habari za lango.

Ikiwa mtanikubali, nami niwe mmoja wa hao watano. Sitaomba nauli. Nitaomba tu nipewe kazi ya lile daftari la walioanza na waliofika, kwa sababu najua mahali majina hupotelea.